Kimeng'enya Kinachobomoa Mfupa

Mwaka 1962 madaktari wawili wa Ufaransa, Pierre Maroteaux na Maurice Lamy, walieleza ugonjwa wa kurithi wa ajabu kidogo. Mifupa ya mgonjwa ni mizito kuliko ya watu wengine, kwenye eksirei inaonekana nyeupe pe, lakini akijikwaa tu inavunjika. Mgonjwa huwa mfupi, vidole butu, taya dogo, na utosi wake huweza kubaki wazi hadi ukubwani. Waliuita piknodisostosisi. Baadaye walidai ndio uliompata mchoraji Henri de Toulouse-Lautrec, aliyevunjika mapaja yote mawili alipokuwa kijana. Hilo linabishaniwa mpaka leo, na mimi nisingelishikilia.

Chanzo kilijulikana mwaka 1996: hitilafu katika jeni ya kimeng'enya kimoja, kathepsini K.

Mfupa hai haukai vilevile. Kwa mtu mzima, takribani asilimia 10 hubomolewa na kujengwa upya kila mwaka. Wabomoaji ni seli kubwa zenye viini vingi, osteoklasti. Seli hiyo hujibandika juu ya mfupa, ikaziba kingo zake pande zote, kisha ikamwaga asidi humo ndani. Asidi inayeyusha madini ya kalsiamu. Hapo inabaki kolajeni, protini ya nyuzi tatu zilizosokotwa kama kamba, na vimeng'enya vingi vinavyokata protini haviwezi kuupenya msokoto huo. Kathepsini K huukata, hata katikati yake, tena hupenda mazingira hayohayo ya asidi. Kisipokuwepo, madini yanatoka lakini nyuzi zinabaki. Mfupa mkuukuu, wenye nyufa zake ndogondogo, hauondolewi; unarundikana.

Kwa wanawake waliokoma hedhi tatizo ni kinyume chake: homoni ya estrojeni inapungua, ubomoaji unaupita ujenzi, mifupa inakonda. Ndipo likaja wazo la kukizuia kimeng'enya hiki kwa dawa, kwa kiasi tu, huku osteoklasti zenyewe zikiachwa hai. Dawa ya kwanza, balikatibu, iliwakakamaza baadhi ya watu ngozi. Ya pili, odanakatibu ya kampuni ya Merck, ilijaribiwa kwa wanawake zaidi ya 16,000, na mivunjiko ya nyonga ikapungua kwa asilimia 47. Ni matokeo mazuri mno. Lakini waliotumia dawa walipata kiharusi zaidi ya wenzao, na mwaka 2016 kampuni ikaiacha. Naona ilifanya sawa: kathepsini K hakiishi mfupani tu, kimeonekana hata katika kuta za mishipa ya damu iliyoziba kwa mafuta.

Hospitalini kimeng'enya hiki kinafaa kwa njia nyingine. Vipande vya kolajeni kinavyovikata huingia katika damu, na maabara huvipima kwa kipimo cha CTX kujua kasi ya ubomoaji. Damu hutolewa asubuhi kabla ya kula, kwa sababu chakula hushusha kiwango chake.