Ruhusa za faili zaweza kuanika siri za wagonjwa

MFUMO wa tarakilishi wa kuhifadhi rekodi za wagonjwa, OpenMRS, ulianza kutumiwa mjini Eldoret mnamo 2006 katika mpango wa AMPATH unaowahudumia wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Rekodi kama hizo zikifichuka, ndoa na ajira za watu huwa hatarini.

Ufichuzi huo hauhitaji mdukuzi stadi. Waweza kutokana na ruhusa za faili tu.

Katika Linux, faili huwa na ruhusa tatu: kusoma (4), kuandika (2) na kuendesha (1). Hizo hugawiwa mwenye faili, kundi lake na watumiaji wengine wote. Programu inapogoma, fundi mwenye haraka huandika 777 na kazi huendelea. Tangu hapo yeyote mwenye akaunti katika seva hiyo, hata mwanafunzi aliyekuja kwa mafunzo ya mwezi mmoja, aweza kuisoma faili na kuibadilisha.

OpenMRS yenyewe huweka neno la siri la hifadhidata katika faili ya maandishi ya kawaida, openmrs-runtime.properties. Ikisomwa na wote, hakuna haja ya kuvunja mlango. Tiba ni kuipa ruhusa 600, yaani mwenyewe pekee asome na kuandika. Na mwenyewe hapa si mtu, bali ni akaunti inayoendesha programu.

Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, anayekiuka aweza kutozwa faini isiyozidi Sh5 milioni.