Tarakilishi ya Mzamiaji: Programu, Kumbukumbu na Dira

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba maji usiyoyafika hujui kina chake. Mzamiaji wa leo hukijua kina hicho kwa kutazama kiwambo kidogo kilichofungwa mkononi mwake. Kifaa chenyewe, ambacho aghalabu hufanana na saa, ndicho kiitwacho tarakilishi ya kuzamia. Humwonyesha kina alichofika, muda aliokaa majini, muda uliomsalia kabla ya kulazimika kupanda kwa vituo na, katika aina nyingi za siku hizi, upande anaoelekea.

Makala haya yanaeleza jinsi kifaa hiki kinavyofanya kazi, na mambo matatu yanayopasa kuangaliwa kabla ya kukiamini: programu yake ya ndani, uhifadhi wa kumbukumbu zake na usawazishaji wa dira yake. Hoja kuu ni kwamba kifaa hiki hakioni kinachotendeka mwilini mwa mzamiaji. Hukadiria tu, na makadirio hayawezi kuwa bora kuliko maagizo na vipimo vinavyoyazaa.

Kifaa kinachokadiria

Kila mita 10 za maji ya bahari huongeza shinikizo la takriban angahewa moja. Kwa hiyo, katika kina cha mita 30, mzamiaji huvuta hewa yenye shinikizo mara nne ya lile la ufuoni. Kadiri shinikizo linavyozidi, ndivyo naitrojeni iliyomo katika hewa hiyo inavyoyeyuka kwa wingi katika damu na tishu. Akipanda polepole, gesi hiyo hutoka kwa njia ya pumzi. Akipanda kwa pupa, hufanya viputo mwilini, mithili ya soda iliyofunguliwa ghafla. Viputo hivyo huweza kuleta maumivu makali ya viungo, kupooza na hata kifo.

Mwaka 1908, mwanasayansi John Scott Haldane na wenzake nchini Uingereza walichapisha majedwali ya kupanda kwa vituo baada ya kufanya majaribio kwa mbuzi katika chumba cha shinikizo. Haldane aliuchukulia mwili kuwa makundi matano ya tishu, kila kundi likipokea na kutoa naitrojeni kwa kasi yake. Baadaye Albert Bühlmann wa Zurich, Uswisi, aliiendeleza nadharia hiyo hadi makundi 16. Mwaka 1983 tarakilishi iitwayo Edge iliingia sokoni nchini Marekani, na hesabu zilizokuwa zikifanywa kwa majedwali ya karatasi zikaanza kufanywa papo hapo chini ya maji.

Ni bayana basi kwamba tarakilishi ya kuzamia hupima mambo machache tu, hasa shinikizo, muda na halijoto. Naitrojeni iliyo mwilini haipimi. Huikisia kwa kufuata maagizo iliyopewa na mtengenezaji.

Programu ya ndani

Maagizo hayo ndiyo programu ya ndani ya kifaa. Hutofautiana na programu ambayo mtu huchagua kuiweka katika rununu yake, kwa kuwa bila programu ya ndani kifaa hakiwezi hata kuwaka. Ikiwa na kosa, kosa hilo humfuata kila anayeivaa.

Mfano wa hatari hii ulidhihirika mwaka 2003. Mamlaka ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa ilitangaza kurejeshwa kwa aina moja ya tarakilishi zilizokuwa zimeuzwa katikati ya miaka ya 1990. Programu yake ilikosea kukadiria naitrojeni iliyosalia mwilini baina ya mzamio mmoja na mwingine. Kifaa kilionekana kizima, kiwambo kiling'aa na tarakimu zilisomeka, ila hesabu ilikuwa na walakini.

Siku hizi makosa mengi hurekebishwa kwa kusasisha programu kupitia kebo au mawimbi ya Bluetooth. Hata hivyo, kusasisha kwenyewe kuna masharti. Kwanza, betri iwe imejaa na shughuli isikatizwe, kwa maana programu iliyoandikwa nusu huweza kukiacha kifaa kikiwa bubu. Pili, kumbukumbu za mizamio zihamishwe kabla ya kuanza, kwa sababu katika baadhi ya vifaa huweza kufutika. Tatu, mipangilio yote ikaguliwe baada ya hapo: aina ya gesi, vipimo vya mita au futi, kiwango cha tahadhari, tarehe na saa.

Sharti la nne ndilo zito zaidi. Baadhi ya watengenezaji hutahadharisha kwamba kusasisha programu hufuta hesabu ya naitrojeni iliyokuwa ikiendelea. Tuchukue mfano wa meli ya MV Dania, iliyozamishwa kwa makusudi karibu na Mombasa mwaka 2002 ili iwe makao ya samaki na kivutio cha wazamiaji. Meli hiyo iko katika kina cha takriban mita 30, ambako anayetumia hewa ya kawaida huwa na dakika zipatazo 20 tu kabla ya kulazimika kupanda kwa vituo. Mzamiaji akiifikia asubuhi, kisha akasasisha tarakilishi yake adhuhuri, alasiri kifaa huenda kikamhesabu kama mtu ambaye hajagusa maji siku hiyo. Kitamruhusu kukaa chini kwa muda ambao mwili wake hauwezi kuuhimili. Kwa sababu hiyo, programu isisasishwe kati ya mzamio na mzamio, bali wakati mzamiaji amepumzika kwa siku kadhaa.

Kumbukumbu na programu za kuzisoma

Tarakilishi huandika kila mzamio: kina, muda, halijoto na kasi ya kupanda. Kumbukumbu hizi zina manufaa makubwa. Mwalimu huzitumia kumkosoa mwanafunzi, na daktari anayemtibu mtu aliyepatwa na maradhi ya viputo huweza kuona alivyopanda. Lakini nafasi ya kuhifadhi ndani ya kifaa ina kikomo. Ikijaa, mizamio ya zamani hufutwa ili kuipisha mipya.

Tatizo ni kwamba kila mtengenezaji ana namna yake ya kuandika na kusafirisha taarifa hizo. Kuna vifaa vya zamani vilivyotumia kebo maalumu au miale isiyoonekana kwa macho, na matundu ya kebo hizo hayapatikani katika tarakilishi nyingi za mezani za leo. Isitoshe, programu ya ndani inaposasishwa, muundo wa kumbukumbu nao huweza kubadilika. Programu iliyozisoma jana ikashindwa kuzisoma leo, mpaka nayo isasishwe.

Wataalamu wa programu huria wamejitahidi kulitatua tatizo hili. Mwaka 2011 Linus Torvalds, mwasisi wa Linux na ambaye pia ni mzamiaji, alianzisha programu iitwayo Subsurface. Programu hii hutumia maktaba ya libdivecomputer, iliyoasisiwa na Jef Driesen, ambayo huelewa lugha za vifaa vya kampuni nyingi. Vilevile upo muundo wa wazi uitwao UDDF, unaowezesha kumbukumbu kuhama kutoka programu moja hadi nyingine. Mzamiaji mwangalifu hutunza nakala katika muundo wa aina hiyo, kwani tarakilishi huharibika na kampuni hufunga milango, ilhali historia ya mizamio yake ingali na kazi.

Kwa wasemaji wa Kiswahili lipo jambo jingine la kuzingatia. Mzamio ulioanza saa tatu asubuhi huandikwa na mashine kuwa 09:00. Anayejaza daftari la mkono kwa saa za Kiswahili, kisha akaliunganisha na kumbukumbu za kifaa, huachana nazo kwa saa sita. Tarehe nayo huandikwa kwa kutanguliza siku au mwezi kutegemea nchi, hivi kwamba 04/05 huweza kuwa tarehe nne Mei au tarehe tano Aprili. Kosa dogo la namna hii huvuruga mfuatano mzima wa mizamio.

Usawazishaji wa dira

Dira si ngeni kwa manahodha wa pwani yetu. Tofauti ni kwamba ndani ya tarakilishi ya kuzamia hamna sindano inayozunguka. Mna vihisi vinavyopima nguvu ya sumaku ya dunia katika pande tatu, pamoja na kihisi kingine kinachotambua mkono umeinama kiasi gani. Vihisi hivi huathiriwa na vyuma na sumaku zilizo karibu, ikiwemo betri ya kifaa chenyewe. Kusawazisha dira ni kukifundisha kifaa kutenganisha sumaku ya dunia na ile ya jirani.

Kazi hii hufanywa kwa kukizungusha kifaa polepole kuelekea pande zote, kama mwongozo wake unavyoelekeza. Ifanyiwe mahali pa wazi, mbali na gari, rununu, mitungi ya chuma na hata jeti ya zege, kwa kuwa ndani ya zege aghalabu mna nondo. Katika vifaa vinavyobadilishwa betri, irudiwe kila betri mpya inapotiwa.

Anayepuuza jambo hili atafakari hesabu ifuatayo. Dira ikikosea kwa digrii 10 tu, mzamiaji aliyeogelea mita 300 hujikuta kando ya alikokusudia kwa zaidi ya mita 50. Ikiwa maji yana ukungu na macho hayafiki mita 15, ataipita mashua yake bila kuiona. Karibu na meli ya chuma kama MV Dania, hata dira iliyosawazishwa vyema huweza kupotoshwa. Kwa hiyo upande wa kurudi husomwa kabla ya kuikaribia meli, na husomwa upya baada ya kuachana nayo.

Kuhusu tofauti ya kaskazini ya sumaku na kaskazini ya ramani, pwani ya Kenya ina bahati, kwani tofauti hiyo ni ndogo sana. Kule Cape Town hufikia takriban digrii 25 kuelekea magharibi. Anayehamisha kifaa kutoka huko hadi huku, au kinyume chake, hana budi kukagua marekebisho yaliyowekwa.

Hitimisho

Makala haya yamebainisha kwamba programu, kumbukumbu na dira ni mambo yanayotegemeana. Programu ikibadilishwa, huenda kumbukumbu zisisomeke. Betri ikibadilishwa, huenda dira ikapotoka. Nyakati zote kiwambo huendelea kuonyesha tarakimu bila kusita. Mzamiaji ndiye anayepaswa kujua ni zipi za kuaminiwa.

Aidha, miongozo mingi ya vifaa hivi huandikwa kwa lugha za kigeni, na onyo la kwamba hesabu ya naitrojeni hufutika huweza kuwa sentensi moja tu ndani ya kurasa nyingi. Wanafunzi wa Kiswahili wenye ujuzi wa tafsiri wanayo kazi hapa. Kina, mkondo, bamvua na dira ni maneno ambayo lugha hii imekuwa nayo tangu jadi. Kilichosalia ni kuliweka onyo hilo mahali ambapo kijana wa Shimoni au Watamu atalisoma na kulielewa kabla ya kuvaa mtungi wake.