Zijue Dalili za Kanga Kabla ya Kupanda

Mkulima wa Kitui na Makueni, mvua ya Oktoba hadi Desemba ndiyo tegemeo lako kubwa. Lakini ukipanda kabla ya mvua, mbegu hukaa udongoni siku nyingi, na ndege aitwaye kanga huzifukua. Kwa hiyo zunguka shamba alfajiri, utafute dalili zake mapema.

Nyayo za kanga zafanana na za kuku, vidole vitatu mbele, nazo huwa nyingi pamoja kwa kuwa hutembea kwa makundi. Tazama manyoya meusi yenye madoadoa meupe, na vishimo vya vumbi wanamooga. Ukikuta mavi mengi chini ya mti mkubwa, hapo ndipo walalapo. Lakini vishimo vidogo vikifuata mstari wa mahindi uliyopanda, huenda mwizi ni kindi.

Ukiisha kuijua njia yao, weka mlinzi upande huo asubuhi na jioni mpaka miche ishike. Usiwatege wala kuwaua: sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 yakataza kuwinda kwa mchezo au kwa kitoweo. Baadaye waache, maana hula wadudu na mbegu za magugu.