Dawa ilitoka, telefone hazikuipata

Sisi wa sendika huku Kabambare tunaweka mambo mingi ndani ya telefone: majina ya wachimbaji, hesabu ya michango, picha za mashimo yaliyoanguka. Njo maana habari hii inatugusa.

Mwezi wa 6 mwaka 2022, Jann Horn, fundi wa Google, alianza kuchunguza draiva ya Mali. Mali hapa si utajiri. Ni jina la kile kinachochora picha kwenye kioo cha telefone nyingi za Android. Ni kazi ya kampuni Arm ya Uingereza. Draiva ni programu inayokiunganisha na mfumo wa telefone. Aliona makosa 5.

Matatu kati yao tunaweza kuyaeleza kimgodi. Mchimbaji anarudisha shimo, wakubwa wanampa mwingine. Lakini karatasi ya yule wa kwanza haikupasuliwa. Usiku anarudi, anaona kazi ya mwenzake, anaiba, anaharibu. Ndani ya telefone, shimo ni kipande cha memori. Draiva ilikirudisha kwa mfumo, lakini programu mbaya ilibaki na njia ya kukisoma na kukiandika. Kwa njia hiyo inaweza kuruka ruhusa zote na kushika telefone nzima. Dawa yake: pasua karatasi kwanza, ndipo utoe shimo.

Arm ilitoa dawa mwezi wa 7 na wa 8. Lakini mwezi wa 11 Google ilisema telefone zote zenye Mali ilizozijaribu zilikuwa bado na makosa yale yale, hata Pixel yake yenyewe. Juu ya nini? Arm inawapa watengenezaji wa telefone, na kila mmoja anapaswa kuituma kwa wanunuzi wake.

Kama Pixel ilichelewa, je, telefone ya bei ndogo ya soko letu?

Basi, ndugu, fungua « paramètres », tafuta tarehe ya « mise à jour de sécurité ». Kama imepita mwaka, usiweke humo majina ya watu. Programu ya kupeana mkono kwa mkono, achana nayo. Na mbele ya kulipa, muulize muuzaji: hii itaendelea kupata mise à jour mpaka mwaka gani? Akishindwa kujibu, usilipe bado.