KUPELEKA TAKWIMU ZA MATUMIZI KATIKA KUMBUKUMBU ZA WANACHAMA

Chama cha msingi kinachotumia programu ya simu kuagizia pembejeo huwa na hazina mbili za habari. Ya kwanza ni takwimu za matumizi: nani amefungua programu, ametazama nini, na amekomea wapi. Ya pili ni mfumo wa kumbukumbu za wateja, ambamo karani huona jina la mwanachama, namba yake ya simu na mashauri yake na ofisi. Mixpanel, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2009, ni ya aina ya kwanza. Salesforce, iliyoanzishwa huko huko mwaka 1999, ni ya aina ya pili.

Hazina hizi zikitengana, anayeumia ni mkulima. Tuseme mwanachama ameagiza mifuko 4 ya mbolea, na malipo yake yakakataliwa. Takwimu zinajua, karani hajui. Mvua haimngojei mtu. Ndiyo maana yafaa habari zipelekwe kwa karani, lakini kwa utaratibu ufuatao.

Kwanza, uwepo ufunguo mmoja. Majina hufanana, na namba za simu hubadilika. Basi namba ya uanachama ndiyo itumike pande zote mbili. Kabla mtu hajajitambulisha, programu hukipa chombo chake namba ya muda, kisha huiunganisha na namba ya uanachama. Katika nyumba yenye simu moja, kila mtumiaji hana budi kujiondoa amalizapo, na programu ianze namba mpya ya muda. Bila hivyo, agizo la mke litaandikwa kwa mume.

Pili, yachaguliwe matukio machache. Kila tukio linalopelekwa liwe na kazi ya kufanywa: malipo yaliyokataliwa, agizo lililoachwa njiani, au mwanachama ambaye hajafungua programu tangu msimu uanze. Kupeleka kila mguso wa kidole ni kumzika karani katika makaratasi yasiyosomwa.

Tatu, kila habari iwe na mwenyewe. Jina, hisa na hali ya uanachama hutoka katika rejista. Takwimu za matumizi zisiruhusiwe kuyafuta. Aidha, mtandao ukikatika, programu huweza kupeleka tukio lile lile mara mbili. Kila tukio lipewe namba yake pekee, ili la pili likataliwe.

Nne, sheria iheshimiwe. Hapa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yataka taarifa za mtu zikusanywe kwa kusudi lililo wazi, naye ajulishwe. Taarifa zilizokusanywa kwa ajili ya pembejeo zisigeuzwe silaha ya kumpima nani ni mkopaji mbaya.

Viongozi wa vyama, kabla ya msimu kuanza, lifanyeni jaribio kwa wanachama wachache, mkilinganisha kumbukumbu mpya na stakabadhi za ghala. Zikipatana, endeleeni, zisipopatana, tafuteni kwanza penye kasoro. Na karani akishaona kwamba malipo ya mwanachama yamekwama, ampigie simu siku ile ile. Asipopiga, kazi yote hiyo itakuwa imefanywa bure.