Alizeti Kwenye Kioo cha Kompyuta

Katika steshenari za Singida mjini, mahali watu wanapochapiwa barua, wanapotoa kopi na kujaza maombi ya ajira mtandaoni, si ajabu kukuta kompyuta yenye maandishi hafifu pembeni chini, upande wa kulia, yanayomkumbusha mwenyewe kwamba Windows yake haina leseni. Fundi alipiga Windows, akachukua chake, akaondoka. Adhabu hugundulika siku mwenye duka anapotaka kubadili sura ya mashine: ukurasa mzima wa mandhari umefifia, haubofyeki.

Hata hivyo, upo upenyo. Kwenye Windows 10 isiyo na leseni, ukifungua folda ya picha, ukabofya kitufe cha kulia cha mausi juu ya picha yoyote na kuchagua iwe picha ya nyuma, mashine hukubali bila kinyongo. Rangi za madirisha ndizo zinazobaki kifungoni.

Kwa miaka mingi picha iliyotawala vioo hivyo ilikuwa kilima cha kijani chini ya anga la bluu. Charles O'Rear alikipiga picha mwaka 1996 huko California, kwenye mashamba ambayo mizabibu yake wakati huo ilikuwa imeng'olewa kwa sababu ya wadudu waharibifu, na Microsoft ikakiweka kwenye Windows XP mwaka 2001. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Kompyuta ikaanza kuzungumza Kiswahili huku bado ikitazama milima ya Marekani. Windows 7, iliyotoka mwaka 2009, ilificha ndani yake folda ya mandhari za nchi tano: Marekani, Uingereza, Kanada, Australia na Afrika Kusini. Huku kwetu hatukufikiwa.

Kinachofurahisha ni kwamba kujitengenezea mandhari si kazi ya mhandisi. Mandhari ya Windows kimsingi ni faili dogo la maandishi linaloishia na .theme. Ukilifungua kwa Notepad utaona mistari inayoeleza picha iko folda gani, kishale kiwe na umbo gani, sauti zipi zilie. Rangi huandikwa kwa namba tatu, kila moja kati ya 0 na 255, yaani kiasi cha nyekundu, kijani na bluu. Andika 255 200 0 na utapata njano iliyokolea, inayokaribia ile ya alizeti za Iramba, mkoani Singida.

Basi mtu mwenye Windows yenye leseni achukue simu, apige picha za mashamba ya alizeti, miamba ya Ziwa Singidani, heroe wanapotua, na kuku wa kienyeji wakidonoa uani. Azihamishie kwenye folda moja, aiteue kwenye ukurasa wa picha ya nyuma ili zibadilishane kila nusu saa, kisha aruhusu Windows ijichagulie rangi kutokana na picha iliyopo. Hapo mashine hupaka madirisha yake rangi iliyoiona pichani. Akihifadhi kazi hiyo kama mandhari, anaweza kuibeba kwenye flashi hadi kompyuta nyingine. Faili la mandhari linalodai kusakinishwa kama programu, hasa lililopakuliwa kusikojulikana, ni la kukimbia.

Asiyetaka habari za leseni ana Linux. Ubuntu, iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ilitoka mwaka 2004 ikiwa na rangi ya kahawia ya udongo, ikaiacha mwaka 2010 na kuvaa zambarau. Wapo waliosikitika, na si bure. Kwa kompyuta kuukuu, Xfce, sura nyingine ya Linux, ni nyepesi zaidi, na mandhari zake mtu huziweka tu kwenye folda iitwayo .themes.

Urembo ni sehemu ndogo ya habari hii. Ikungi, mkoani humo humo, ipo Shule ya Msingi Ikungi Mchanganyiko inayosomesha pia watoto wasioona na wenye ualbino. Wengi wenye ualbino wana uoni hafifu, na mwanga mkali huwaumiza macho; kwao kioo cheupe pepepe ni kikwazo cha kusoma. Ukibonyeza kwa pamoja Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Print Screen, Windows huuliza kama iwashe rangi zenye utofauti mkubwa. Ukikubali, usuli huwa mweusi na herufi hujitokeza, katika mojawapo ya mandhari hizo kwa njano. Mwalimu yeyote wa kompyuta angepaswa kuijua njia hii kabla ya kufundisha kuchapa.

Mandhari nyeusi zina sifa nyingine ambazo si zote za kweli. Huokoa chaji kwenye vioo vya OLED, ambavyo nukta zake nyeusi huzimika kabisa. Laptopu nyingi za bei nafuu zina vioo vya LCD, na taa ya nyuma huwaka vilevile hata kioo kikiwa cheusi. Tena mchana, jua la Singida linapopiga mlangoni, kioo cheusi humwonyesha mchapaji uso wake mwenyewe kuliko barua anayoandika. Saa hizo mandhari nyeupe zina faida, nyeusi zisubiri jioni. Kompyuta za Mac na simu nyingi za Android hujibadilisha zenyewe saa ikifika. Windows 10 husubiri mwenyewe aende kwenye mipangilio, aguse sehemu ya rangi, achague.