Chatu Huyo Hasikii Baridi

"Daktari, chatu wangu leo siku ya tatu yuko upande wa baridi. Niongeze joto?" Hapana. Nimelijibu swali hili mpaka ulimi umechoka, na wengi wanaouliza huwa wameshaongeza.

Simzungumzii chatu wetu mkubwa. Namzungumzia Python regius, yule mdogo anayejiviringa kama mpira akiogopa, anayefugwa majumbani dunia nzima. Watu wanaamini kwamba akikaa mbali na joto, basi joto hilo halimtoshi. Ni kinyume chake. Nyoka hulichota joto nje ya mwili wake, na akishatosheka huondoka. Akitoka kula hurudi penye joto, kwa kuwa bila hilo panya aliyemmeza hatasagika na huenda akatapikwa. Jike mwenye mimba naye huota joto. Kuhamahama huko ndiko kunakompa afya. Ukipandisha joto, unamnyima pa kukimbilia. Wala usijipe moyo kwamba likizidi atajiondokea. Nyoka anaweza kulalia kitu cha moto hadi tumbo likaungua, ndiyo maana yale mawe ya umeme ya kupasha joto, ningekuwa na uwezo, ningeyapiga marufuku.

Halafu angalia maficho. Je, liko pango moja tu, tena upande wa baridi? Basi hakuchagua baridi, amechagua kujificha. Porini chatu huyu hushinda kwenye mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa. Ni mwoga. Ukimlazimisha achague kati ya joto na usalama, mara nyingi atachukua usalama, mmeng'enyo uzorote ukitaka. Wewe unaona nyoka asiyependa joto. Mimi naona mfugaji aliyebania pango la pili.

Haya, upesi: anapolala upande wa joto pawe nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi, upande wa baridi 24 hadi 26. Mapango mawili yanayofanana, yenye kumbana. Kipimajoto kila upande, si kile cha kubandika kiooni. Kila chombo cha joto kiwe na thamostati, hilo halina mjadala. Kizimba kiwe kirefu, kikiwa kifupi pande zote zinalingana. Nairobi mwezi wa Julai usizime joto usiku. Na Kenya, leseni ya shirika la wanyamapori, KWS, kwanza, nyoka baadaye.

Asipobanduka kwenye joto wiki nzima, pima upande wa baridi, huenda umepoa mno. Akipumua kwa mluzi, au mdomo wazi wenye mapovu, acha kuchezea thamostati. Mlete kliniki siku hiyohiyo.